Kuunda ndege ya seti nyumbani: pa kuweka mkono wako na pa kufuata mchoro

Ndege ya seti hufika nyumbani ndani ya masanduku ya mbao: mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa, mbavu za mabawa, mifuko ya ribiti (pini fupi za kubana mabati pamoja) na bolti, na kitabu kinene cha michoro. Kwa ndege ya alumini ya viti viwili, kazi inayokusubiri ni ya takriban saa 1,500 hadi 2,000. Ukiipa saa kumi kila wiki, utakaa nayo miaka mitatu au minne.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka ndege iliyo salama na ambayo pia ni yake kweli: dashibodi aliyoipanga mwenyewe, viti vinavyomfaa, injini aliyoichagua. Msimamo wangu nautoa mapema. Badilisha vile ambavyo macho na mikono yako huvifikia unaporuka. Vile vinavyobeba mzigo angani viache kama mhandisi alivyovichora. Na hata badiliko dogo, lipime kwa mizani kabla ya kulifunga.

Hatua ya 1: Anza na mamlaka, masanduku baadaye

Kabla ya kulipa chochote, zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ambako ndege itasajiliwa. Sheria hutofautiana. Nchini Marekani, mamlaka hiyo, FAA, huitambua ndege kuwa ya wajenzi wa ridhaa pale tu ambapo zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu walioijenga kwa kujifunza au kujiburudisha. Wajenzi huiita kanuni ya asilimia 51. Uingereza, chama cha ndege nyepesi, LAA, husimamia ndege za namna hii na mkaguzi wake huifuata kazi tangu mwanzo.

Uliza maswali matatu na uyapate majibu kwa maandishi. Je, seti unayoitaka inakubalika? Nani ataikagua, na katika hatua zipi? Ushahidi gani wa kazi utatakiwa? Swali la pili ndilo watu husahau. Bawa likishafungwa huwezi kumwonyesha mkaguzi kilichomo ndani bila kung'oa mamia ya ribiti.

Fungua daftari la kazi siku hiyo hiyo. Kila kipindi kiandike: tarehe, saa, ukurasa wa kitabu, kilichofanyika, kilichoharibika. Piga picha nyingi, na katika baadhi yake uonekane mwenyewe ukifanya kazi. Marekani, mjenzi mkuu anaweza kuomba cheti cha kumruhusu kufanya ukaguzi wa kila mwaka wa ndege hiyo aliyoijenga, na bila kumbukumbu hizi ni vigumu kuthibitisha kwamba mikono iliyojenga ni yako.

Hatua ya 2: Chagua seti kulingana na safari zako

Andika safari utakazoruka mara nyingi: watu wangapi, umbali gani, uwanja wa lami au wa nyasi. Ndege ya kutua mahali pafupi pa nyasi na ndege ya kwenda mbali kwa kasi ni ndege mbili, na hakuna marekebisho ya karakanani yatakayoigeuza moja kuwa nyingine.

Kisha angalia malighafi. Ndege za RV za Van's Aircraft, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, ni za alumini, na nyingi kati yake hufungwa kwa ribiti za kugongwa. Zaidi ya 11,000 zimekwisha kuruka. Zenith CH 750 nayo ni ya alumini, ila hutumia ribiti za kuvuta ambazo mtu mmoja anazifunga peke yake kutoka upande mmoja. Kitfox ina kiunzi cha mabomba ya chuma kilichofunikwa kitambaa. Glasair na Lancair zimejipatia jina kwa faibaglasi na kaboni: ngozi laini, kasi nzuri, lakini utaishi na vumbi la msasa na harufu ya epoksi, na ngozi ya mikono ikiizoea vibaya epoksi inaweza kuikataa maisha yote. Vaa glavu tangu siku ya kwanza.

Kwa mjenzi wa mara ya kwanza napendekeza muundo ambao mamia ya watu wamekwisha kuumaliza. Kila utakapokwama, kuna aliyekwama hapo kabla yako na akajua njia ya kutokea.

Usinunue kila kitu kwa mpigo. Wauzaji wengi huuza seti kwa sehemu: mkia kwanza, halafu mabawa, halafu kiwiliwili. Nunua mkia. Ni sehemu ndogo, na ndiyo itakayokuonyesha kama kazi hii unaipenda au uliipenda kwa mbali. Injini na skrini za dashibodi zinunuliwe mwisho. Injini iliyokaa miaka bila kuwashwa hupata kutu ndani, na dhamana yake huisha ikiwa bado kwenye sanduku.

Hatua ya 3: Karakana na zana

Gereji ya magari mawili inatosha kwa kazi nyingi, kwa sababu mabawa hujengwa kando na kiwiliwili. RV-7 ina mita 7.6 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, lakini kila bawa peke yake halifiki mita nne. Pima mlango kabla ya kuanza, pima na kona ya njia ya kutokea.

Unahitaji kompresa ya hewa, drili ya hewa, bunduki ya ribiti, koleo la kubania ribiti, meza mbili zilizonyooka kabisa, miwani na vizibo vya masikio. Unahitaji pia kleko mia kadhaa. Hizi ni pini za springi zinazoshika mabati pamoja kabla ya ribiti: za rangi ya fedha ni za tundu la ribiti ya milimita 2.4, za rangi ya shaba ni za milimita 3.2. Spana ya kupimia nguvu iwe ile inayosoma vipimo vidogo. Spana ya gari itaikata bolti ya ndege kabla hujasikia mlio wake.

Masanduku yakifika, hesabu kila kipande dhidi ya orodha wiki hiyo hiyo, kwani muda wa kudai kilichopungua huwa mfupi.

Hatua ya 4: Jifunze ribiti kabla ya kugusa mkia

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndege ya alumini ni ribiti maelfu kwa maelfu.

Nunua kwanza seti ndogo ya mazoezi au omba mabaki ya bati. Toboa, safisha, funga, ng'oa, rudia. Kwa ribiti ya milimita 3.2 tundu la mwisho ni karibu milimita 3.3; kwa ile ya 2.4 ni milimita 2.5. Drili ishikwe wima kabisa juu ya bati. Baada ya kutoboa, ondoa makali yaliyobaki kwenye midomo ya tundu, pande zote mbili, kwa mzunguko mmoja au miwili myepesi. Makali yakiachwa, mabati hayakai bapa, na ufa huanzia hapo. Ukizungusha mno, umelipanua tundu na kulipunguzia bati unene. Kingo za bati nazo zipitishe tupa na msasa mpaka kidole kiteleze bila kukwaruzwa.

Tazama kichwa cha ribiti: kishimo kidogo katikati ni alama ya aloi ya kawaida ya kazi hii. Kabla ya kugonga, mkia wa ribiti utokeze upande wa pili kwa mara moja na nusu ya kipenyo chake. Ukishagongwa, kichwa kipya kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo. Kwa ribiti ya 3.2 hiyo ni upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Kata kipimo chako kutoka kipande cha bati ukiweke mfukoni. Toka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, acha angalau mara mbili ya kipenyo. Bila hivyo bati huraruka.

Kugonga ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika bunduki kwenye kichwa, mwingine anakandamiza kipande kizito cha chuma upande wa mkia. Kubalianeni maneno: anayeshika chuma husema "tayari", ndipo mwenzake afyatue. Bunduki isianze kabla chuma hakijakaa, la sivyo bati litabonyea, na kubonyea huko hakuna rangi itakayokuficha.

Ribiti mbaya hung'olewa hivi: toboa katikati ya kichwa kwa kina cha kichwa tu, kivunje kwa pini, kisha sukuma mkia utoke taratibu. Ila jiulize kwanza. Ribiti iliyoegemea kidogo lakini yenye kipimo sahihi mara nyingi ni bora kuliko tundu lililopanuka kwa kung'olewa mara tatu. Mimi niling'oa nyingi mno mwanzoni, na baadhi ya matundu yale yalihitaji ribiti kubwa zaidi.

Mambo mawili madogo yenye uzito. Usichore kwenye alumini kwa penseli, maana risasi ya penseli ni grafiti na grafiti huichochea alumini kuliwa na kutu. Tumia kalamu ya wino wa kudumu. Na ile plastiki ya kulinda bati usiiache miaka. Unyevu hujificha chini yake.

Baada ya saa chache za mazoezi, mwite mtu aliyewahi kujenga aje aitazame kazi yako. Mficha uchi hazai. Chama cha wajenzi wa ndege cha EAA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1953, kina washauri wa ufundi wa kujitolea wanaozuru karakana za wanachama kwa sababu hii hasa, na vyama vya namna hiyo viko katika nchi nyingi.

Hatua ya 5: Mkia, mabawa, kiwiliwili

Hapa kitabu cha michoro ndicho bwana. Soma hatua tatu mbele ya ile unayoifanya. Unganisha kwa kleko bila ribiti, hakikisha hakuna kilichopinda, tenganisha, safisha, paka praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu) palipoagizwa, ndipo ufunge.

Bolti kazia kwa kipimo, kamwe si kwa hisia ya mkono. Bolti ndogo ya ndege, saizi ya AN3, kwa kawaida hukazwa kwa nyutonimita 2.3 hadi 2.8, na AN4 kwa 5.6 hadi 7.9. Nati yenye plastiki ya kujifunga ina ukinzani wake. Upime kwanza ikizunguka huru, kisha uongeze juu ya kipimo hicho. Kiungo kinachozunguka, kama mkono wa usukani, kipewe nati yenye meno na kota pini, ile pini inayoizuia nati kuzunguka. Ukimaliza, paka mstari wa rangi toka kwenye nati hadi kwenye bati. Mstari ukivunjika siku moja, utajua nati imesogea.

Matangi ya mafuta huzibwa kwa mastiki nyeusi inayonata kwenye kila kitu. Yapime kabla ya kuyafunga kwenye bawa: ziba matundu yote, funga baluni kwenye bomba la hewa, jaza hewa kidogo tu mpaka baluni ivimbe, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila mshono. Povu likitokea, umepata pa kurudia. Hewa nyingi ya kompresa italipasua tangi.

Hatua ya 6: Kuifanya iwe yako

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alifariki pale ndege yake aina ya Long-EZ ilipoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Michoro ya mbunifu wake, Burt Rutan, iliiweka valvu ya kuchagulia tangi katikati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege ile, ambaye hakuwa Denver, aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, na haikuwa na alama. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walihitimisha kwamba rubani, akihangaika kuifikia, alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia na ndege ikamponyoka. Walitaja pia mafuta machache aliyoondoka nayo na mafunzo yasiyotosha kwa aina ile ya ndege.

Badiliko lile halikugusa bawa wala mkia. Lilikuwa mahali pa kushika tu. Kwa hiyo kabla ya kukata tundu lolote kwenye dashibodi, itengeneze kwanza kwa kadibodi. Kaa kitini, funga mikanda, fumba macho, kisha fikia kila kitu: valvu ya mafuta, swichi kuu, swichi ya flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), redio. Kisichofikika bila kugeuza mabega kihamishwe. Kwa wiki nzima kaa humo robo saa kila jioni ukiigiza kuondoka na kutua. Kadibodi haina gharama, na ni hapo utakapogundua kuwa skrini kubwa uliyoitamani inaficha fyuzi.

Uzito ndio deni la kila badiliko. Zulia zito, viti vya ngozi, spika, betri ya pili, tabaka la ziada la rangi: hakuna hata kimoja kinachotisha peke yake. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na asali hapa ni mzigo ambao ndege ingeweza kubeba. Weka mizani karakanani, pima kila kinachoongezwa, na uandike kilo zake pamoja na umbali wake kutoka pua ya ndege. Kilo moja mkiani si sawa na kilo moja karibu na injini.

Chukua mfano wa ndege ya kilo 480. Unaihamisha betri ya kilo 9 kutoka mbele hadi mita 2.7 nyuma zaidi ili upate nafasi. Zidisha 9 kwa 2.7, gawanya kwa 480: kitovu cha uzito kimerudi nyuma karibu sentimita 5. Katika ndege ndogo hicho ni kipande kikubwa cha nafasi yote inayoruhusiwa, na kitovu kikirudi nyuma kupita kiasi, ndege inaweza kukataa kutoka kwenye stoli, yaani hali ya bawa kupoteza nguvu ya kuinua.

Rangi ina siri yake. Eleroni (vibao vinavyosogea mabawani), eleveta (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia huwekwa uwiano wa uzito ili zisitetemeke kwa kasi kubwa. Mtetemo huo, unaoitwa flata, unaweza kuuvunja mkia kwa sekunde chache. Baada ya kupaka rangi au kujaza mabonde kwa pati, pima uwiano upya kama mchoro unavyoagiza. Wala usiongeze kijibawa cha kurekebisha kwenye eleveta eti kwa kuwa umekiona kwenye ndege nyingine.

Injini kubwa zaidi? Kaa ndani ya kiwango alichotaja mbunifu. Kikomo cha kasi ya ndege hakipandi kwa kuongeza nguvu ya injini. Unachopata ni njia rahisi zaidi ya kukivuka. Injini ya gari iliyogeuzwa huhitaji gia ya kupunguza mzunguko na mfumo mzima wa kupoza, nami nisingeianzia hapo katika ndege ya kwanza.

Umeme ndio uwanja ambao una uhuru mwingi, na uhuru huo una masharti. Tumia waya wa ndege wenye ganda la Tefzel. Ganda la PVC likiungua hutoa moshi wa sumu mbele ya uso wako. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya. Na ukiweka skrini pekee bila vipimo vya kawaida vya mshale, pamoja na mfumo wa kielektroniki wa kuwashia injini, elewa kwamba kuzimika kwa umeme sasa ni kuzimika kwa injini. Weka chanzo cha pili cha umeme, kisha ujaribu ardhini kwa kuzima cha kwanza injini ikinguruma.

Hatua ya 7: Mafuta na injini

Jaribio la mtiririko wa mafuta halirukwi. Inua pua ya ndege mpaka mwinuko mkali kuliko wote itakaopanda nao, mafuta yakiwa machache tangini. Tenganisha bomba kwenye injini, acha yatiririke kwenye chombo chenye vipimo, hesabu dakika. Mfumo wa mvutano wa ardhi pekee utoe asilimia 150 ya mahitaji ya injini wakati wa kuondoka. Wa pampu utoe 125. Injini ya Rotax 912 ULS hutumia takriban lita 27 kwa saa kwa nguvu zote, hivyo bila pampu ungetaka angalau lita 40.5 kwa saa.

Matundu yote ya ukuta wa moto, ule unaotenga injini na rubani, yazibwe kwa kinachostahimili moto, na kitambuzi cha kaboni monoksaidi kiwe mbele ya macho yako. Injini mpya ya Lycoming usiiache ingurume ardhini muda mrefu. Inahitaji hewa ya mwendo na nguvu kubwa ili ringi za pistoni zikae vizuri.

Hatua ya 8: Mizani, ukaguzi, safari ya kwanza

Ndege ikikamilika na rangi ikikauka, iweke juu ya mizani tatu, ikiwa imesawazishwa. Tuseme gurudumu la pua lina kilo 120 kwenye umbali wa mita 1.0 kutoka alama ya kuanzia, na yale mawili makuu yana jumla ya kilo 360 kwenye mita 2.4. Zidisha kila uzito kwa umbali wake: 120 na 864, jumla 984. Gawanya kwa 480. Kitovu kiko mita 2.05. Rudia hesabu ukiwa na rubani, abiria, mizigo na matangi karibu matupu, kwa kuwa hatari hujitokeza mwisho wa safari mafuta yakiwa yameungua.

Kabla ya mkaguzi, mlete mjenzi mwingine. Akae nje, wewe ukae ndani. Sukuma fimbo ya kuongozea kushoto: eleroni ya kushoto ipande, ya kulia ishuke. Vuta fimbo: eleveta ipande. Aseme anachokiona kwa sauti, bila kuambiwa atarajie nini. Nyaya zilizofungwa kinyume zimewahi kuua mafundi stadi.

Jifunze kwa mwalimu kwenye ndege ya aina hiyo hiyo kabla ya siku yenyewe. Kama saa zako za kuruka zimepungua wakati wa miaka ya ujenzi, na karibu kila mjenzi hupungukiwa, mpe mwenye uzoefu safari ya kwanza. Haitapunguza chochote katika ulichokijenga.

Siku iwe tulivu, bila abiria, bila umati na bila ahadi kwa mtu yeyote kwamba lazima mruke leo. Usifanye mbio nyingi za kasi ardhini. Ndege nyepesi hunyanyuka bila rubani kuwa tayari, na mwisho wa njia uko karibu. Ukishapaa, panda juu ya uwanja na ubaki mahali ambapo unaweza kurudi injini ikizima. Angalia joto la silinda, presha ya oili, na kama ndege inavuta upande. Jaribu mwendo wa polepole ukiwa juu, ujue utatua kwa kasi gani, kisha utue.

Vua vifuniko vya injini siku hiyo hiyo. Tafuta mafuta yaliyovuja, bomba lililosuguana na chuma, mstari wa rangi uliovunjika kwenye nati. Andika daftarini. Marekani kwa kawaida utadaiwa saa 25 za majaribio ikiwa injini na propela ni muungano ulioidhinishwa, au 40 ikiwa sivyo, na kila safari kati ya hizo iende na swali moja lililoandikwa kabla ya kuruka: leo stoli ikiwa na flapu, kesho kupanda ukiwa na uzito kamili, keshokutwa matumizi ya mafuta kwa kila mpangilio wa nguvu. Majibu hayo ndiyo yatakayojaza kitabu cha rubani cha ndege yako, ukurasa kwa ukurasa.